Mjomba ameshapaka rangi chombo, nami naogopa kukipanda

Assalaam alaykum Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, nimeolewa, naishi Mjini Unguja na nina watoto wawili. Kwetu kwa upande wa mama ni kijiji cha pwani huko Kusini, si mbali na Kizimkazi. Sitakitaja, maana ni kidogo na kila mtu atajua nani ninayemsema.

Sisi wanawake tuliosoma skuli pamoja tuna upatu wetu, na kila mwaka tunaweka kidogo pembeni kwa ajili ya matembezi. Mwaka jana tulikwenda Jozani kuangalia kima punju. Mwaka huu shauri nililitoa mimi: twende kwetu tukatazame nyangumi. Karibu wote tumezaliwa kisiwani hapa na hatujapata kumuona, na wageni wanapanda ndege kuja kumtazama. Wenzangu walifurahi mno. Tumepanga Jumapili moja ya mwezi wa Agosti, wanawake kumi na wawili na watoto saba, na kila mmoja ameshatoa shilingi 40,000.

Sasa tabu ni mjomba. Mjomba wangu ni mvuvi wa siku nyingi, na kwa miaka mingi amekuwa akichukua wageni kuwapeleka kuangalia pomboo. Ndiye aliyenisomesha. Baba alipotuacha mimi niko darasa la tano, mjomba ndiye aliyekuwa akiuza pweza na kuleta pesa ya sare na madaftari. Siku ya harusi yangu alikaa mbele kama mzazi. Siku hizi kazi imempungua. Wageni wanaletwa na mawakala, na mawakala wana maboti yao. Aliposikia kwa mama kwamba naleta kundi, hakungoja nimwambie. Ameshapaka rangi chombo, kijani na nyeupe, ameshanunua turubali jipya, na rangi yenyewe ameichukua kwa deni. Barazani ameshawaambia wenzake kwamba mpwa wake anamletea watu kutoka mjini.

Chombo chenyewe ni mashua ya mbao yenye mashine ya farasi 15. Hukaa watu sita kwa raha, wanane kwa kubanana. Maboya ya kuvaa anayo manne. Nilipokwenda hivi karibuni niliyaona: mawili yametundikwa kwenye boriti ya jikoni yamejaa masizi, moja kamba zake zimekatika, na la nne mkaza mjomba amelikunja analikalia akikuna nazi. Nikamuuliza mjomba, hivi maboya ni haya tu? Akacheka, akajipiga kifua, akasema, "Boya langu mimi ni hili." Nikacheka na mimi.

Lakini kinachonikosesha usingizi si maboya peke yake. Mwaka jana nilipanda naye, akiwa na Wajerumani wawili. Tulimkuta nyangumi na ndama wake. Mama mtu alikuwa juu juu ya maji, mgongo mweusi unang'aa, pumzi ikimtoka kwa kishindo na kutuletea harufu ya shombo. Mjomba hakuzima mashine. Alimzunguka, kisha akapita katikati, ndama akabaki upande wetu na mama upande wa pili. Yule mama akanyanyua mkia akaupiga maji karibu yetu, tukarowa sote. Wageni wakashangilia. Mimi nilikuwa nimeushika ubao wa kukalia mpaka kucha zinaniuma. Mjomba akawa anacheka, anasema, "Huyu tunajuana."

Mmoja wa wenzetu, nimwite Z., kaka yake ana maboti mawili ya faiba huko huko Kusini, kila boti ina mashine mbili na maboya kamili. Bei yake ni kubwa kidogo lakini tunaimudu. Wenzangu wengi wanamtaka huyo. Mume wangu amesema mambo ya kwetu ni yangu, ila watoto wake hawapandi mashua ya mjomba. Nilipomgusia mama, alinyamaza kwanza, halafu akasema, "Ukimpita mjomba wako, na mimi umenipita."

Kuna pia wenzangu wawili walioona video kwenye simu, watu wanaogelea na nyangumi, nao wanasema watatia maguo ya kuogea kwenye mkoba.

Shangazi, nimefikiria hata kuvunja safari nzima niseme upepo ni mkali. Nifanyeje nisimvunjie heshima mtu aliyenilea, na nisije nikabeba roho za watu?

Mpwa wa nahodha, Mjini Unguja

Shangazi anajibu

Waalaykum salaam mwanangu.

Nikikufahamu vyema, yamekufika mambo mawili kwa pamoja. Moja ni la chombo: hakitoshi watu kumi na tisa, maboya hayapo, na nahodha anawasogelea nyangumi kuliko inavyofaa. Jengine ni la mtu: huyo nahodha amekulea, amekusomesha, ana deni la rangi, na ameshasema barazani. Wewe unaona ukilitengeneza moja umeliharibu la pili. Huenda ikawa hivyo. Lakini kabla hatujafika huko, nina neno.

Umenieleza alivyosema mama yako, alivyosema mume wako, wanavyotaka wenzako, hata barazani wanajua nini. Mjomba mwenyewe umemuuliza suala moja tu, la maboya, tena mkiwa jikoni, akakujibu kwa mzaha nawe ukacheka. Sikulaumu, nani asiyecheka na mjomba wake? Lakini mpaka sasa hajui kwamba mwaka jana uliogopa. Hajui kwamba mume wako amekataa watoto wasipande. Hajui kwamba mko kumi na tisa. Kwa upande wake, yeye anangoja furaha.

Unadhani atakasirika. Pengine. Unadhani pia kwamba mtu wa umri wake habadiliki, na hapo mimi nina shaka. Watu wa pwani hiyo wamewahi kubadilika pakubwa. Hadi miaka ya 1990 huko Kizimkazi pomboo walikuwa wakivuliwa, nyama yao ikafanywa chambo cha papa. Walipoanza kuja wageni wa kumtazama pomboo akiwa hai, wavuvi wale wale wakawa ndio wanaowapeleka. Ghuba ya Menai, iliyo huko huko Kusini, nayo ikawekwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1997. Kama mjomba wako ni mvuvi wa siku nyingi kama ulivyosema, basi yote hayo yamempitia mkononi. Hakuna mwanasemina aliyemfundisha thamani ya pomboo hai, alihesabu mwenyewe.

Kwa hiyo la kumsogelea nyangumi, mimi nisingeanza kwa kumwambia anakosea. Ningeanza na lile analolijua yeye, kwamba yule mama ana mtoto. Nyangumi hawa wenye nundu hutoka bahari ya baridi ya Antaktika na kuja kwetu katika msimu wa kusi, takriban Julai hadi Oktoba, kuzaa na kupandana. Chakula chao kimebaki huko kwenye baridi. Miezi yote wanayokaa huku mama anaishi kwa mafuta ya mwili wake, na kwa mafuta hayo hayo ananyonyesha ndama aliyezaliwa na urefu wa mita nne hivi. Kila anapofukuzwa na mashine anaunguza akiba ambayo hana pa kuijaza mpaka arudi kusini. Mvuvi anayajua maneno hayo hata kama hajawahi kuyasikia yakisemwa hivyo. Huko Australia chombo hakiruhusiwi kumkaribia nyangumi chini ya mita 100, na akiwa na ndama ni mita 300. Sikutajii uende ukamsomee sheria za Australia, atakufukuza. Nimekutajia ili ujue khofu yako ya mwaka jana haikuwa uoga wa mtu wa mjini. Ule mkia haukuwa salamu. Mama yule alikuwa ametenganishwa na mwanawe, na nyangumi mzima ana uzito wa tani 30 hivi.

Hao wenzako wenye maguo ya kuogea, waambie wayaache nyumbani. Hilo sina haja ya kulizunguka.

Sasa mama yako. Amekwambia "ukimpita mjomba". Lichunguze neno lake. Hakusema watoto wako lazima wakae kwenye ile mashua. Mimi nasikia mama anayeogopa kaka yake asitiwe aibu mbele ya watu, na huenda pia anaogopa kuonekana kwamba mtoto wake, alipopata, amesahau pweza. Baina ya kupanda mashua yake na kumpita kuna nafasi, na nafasi hiyo naona hujaipima bado. Muulize mama: akiwa mjomba yumo kwenye safari, analipwa, anaheshimiwa, ila chombo si chake, hapo nimempita? Jibu lake silijui. Wewe pia hulijui.

Na huyo kaka yake Z., kwa nini yeye hapati hata suala moja? Mashine mbili na maboya kamili ni jambo kubwa, silidharau hata kidogo. Moja ikizima katikati ya mkondo, ya pili inakurudisha. Lakini mashine mbili pia zinafukuza nyangumi kwa kasi zaidi kuliko farasi 15 wa mjomba. Nahodha kijana mwenye wateja wanaotaka picha huenda akafanya vile vile, tena haraka zaidi. Muulizeni: ukimuona nyangumi na ndama unasimama wapi? Mashine unaizima au inabaki inaunguruma? Yakiwapo maboti mengine pale unangoja au unaingia? Maboya ya watoto yapo ya watoto, au ni ya watu wazima wanafungwa kamba mara mbili? Mtoto wa miaka sita akianguka majini ndani ya boya la baba yake, boya linabaki juu na mtoto anateleza chini. Hapo usikubali kuambiwa "yapo".

Njia ninazoziona mimi si safi hata moja.

Iko ile ya kumchukua mjomba awe mwongoza njia ndani ya boti la faiba. Yeye anaijua mikondo na anajua nyangumi huzukia wapi. Analipwa ujira wake kamili, si bakshishi, na nyinyi mnakaa kwenye chombo chenye usalama. Inavutia, lakini usiikimbilie. Wanasema manahodha wengi chombo huenda mrama, na hapa watakuwa wawili, mmoja mzee mwenye pwani yake na mmoja kijana mwenye boti lake. Nani atasema turudi upepo ukizidi? Lazima lijulikane kabla hamjaondoka pwani. Na lile la rangi ya kijani bado lipo: chombo kilichopakwa kitabaki kimelala mchangani mbele ya wenzake. Wengine wataweza kulibeba hilo, wengine hawawezi. Wewe ndiye unayemjua.

Iko ya kuchukua vyombo vyote viwili, faiba iwachukue wengi na mashua ya mjomba iwachukue watu wazima wachache wanaotaka wenyewe, kwa maboya mtakayoyakodi. Deni la rangi linalipika, barazani anabaki na uso. Khatari yake ni kwamba vyombo viwili juu ya nyangumi mmoja huanza kushindana bila ya mtu kukusudia. Tena utajikuta unachagua marafiki gani wapande wapi, na hilo nalo lina maneno yake.

Iko ya tarehe, na hii nashangaa hamjaizungumza. Agosti ni kusi tupu. Sisi Wazanzibari hatuna haja ya kukumbushwa upepo wa msimu huu unaweza kufanya nini. Meli ya Skagit ilizama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012, mchana, na ilikuwa meli, si mashua. Mkisogeza mbele hadi mwisho wa Septemba au mwanzo wa Oktoba, kusi linakuwa limeanza kulegea na bahari inapumua. Nyangumi bado wapo, ingawa baadhi wanakuwa wameshaondoka, kwa hiyo mnaweza kurudi mikono mitupu. Wenzako wameshatoa pesa na wengine wameshaomba ruhusa kwa waume zao. Kuwahamisha ni kazi. Lakini bahari tulivu haimgeuzi mjomba akazima mashine, na haiongezi boya hata moja. Inapunguza tu yale yanayoweza kwenda vibaya. Vyovyote iwavyo, Agosti au Oktoba, tokeni asubuhi mapema kabla upepo haujapanda, na siku moja kabla sikilizeni taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wakisema mawimbi makubwa, hamtoki, hata kama pilau limeshapikwa.

Na iko ya watoto kubaki pwani. Mimi sifichi, watoto saba ndio wanaonitia wasiwasi kuliko kitu chochote katika barua yako, na mume wako katika hilo naona hana ukali. Wanaweza kukaa juu ya majabali na mama mmoja au wawili, na darubini kama mtaipata ya kuazima. Pumzi ya nyangumi inapanda juu ukaiona kwa mbali kukiwa na bahati na bahari haina povu. Wanaweza wasione kitu, wakalia, wakala, wakalala. Lakini kama nawajua wazee wa pwani, mjomba wako akikaa nao hapo na kuanza hadithi zake, watoto wengine hawatakumbuka kama kulikuwa na boti. Mkaza mjomba akilipwa kupika, pesa ya mji inabaki kwenye nyumba ile ile ya aliyekusomesha. Mimi nimewahi kula pweza wa nazi wa huko Kusini, sitaki kusema zaidi.

Hiyo ya kuvunja safari kwa kisingizio cha upepo naielewa. Inakuondolea kila mtu kwa mpigo mmoja. Lakini deni la rangi litabaki palepale, mjomba atakuwa anangoja mwaka ujao, na wewe utakuwa na kisingizio cha kukilinda. Vijiji vidogo, kama ulivyosema mwenyewe, kila mtu anajua.

Kitu kimoja nakuomba ukitenge: deni lake na kile unachodaiwa wewe. Pengine ungelipa ile rangi na turubali hata kama hakuna mtu aliyepanda, kwa kuwa alitumia akikutarajia. Ukilitoa hilo njiani, suala la chombo linabaki la chombo. Sasa hivi unalipima boya kwa sare za skuli, na hayo hayapimiki kwa ratili moja. Lakini hata hapo angalia namna. Mzee aliyezoea kutoa hapendi kupewa bahasha mbele ya mkewe. Wengine wanapokea kwa urahisi zaidi ikiitwa malipo ya kazi, na kazi ya kweli ipo: kuwapokea, kuwaongoza, kuwaambia upepo ukoje.

Ukiamua kwenda kumuona, nenda peke yako, si na mama na si na mume, na isiwe barazani. Mwambie ulivyoogopa mwaka jana, kwa maneno yale yale uliyoniandikia mimi, na ule ubao uliokuuma kucha. Mwambie mko wangapi na watoto wangapi. Kisha muulize yeye, kama nahodha na si kama mjomba: angewapakiaje? Halafu nyamaza umsikilize mpaka mwisho. Inawezekana akakuambia jambo ambalo mimi na wewe hatukulifikiria. Inawezekana pia akajipiga kifua tena, na hapo utakuwa umejua, si kwa kukisia.

Chagua siku ya maji mafu. Bamvua likiwa limetoka watu wote wako miambani na pweza, hatakuwa na nafasi ya kukaa nawe. Na uniandikie amekujibu nini.

Shangazi